Kamba ya Mtamba na Harufu ya Kipepeo

Hamjambo nyote, mlioketi na ninyi mliosimama mlangoni kama wageni. Sogeeni ndani, nafasi ipo. Naomba utulivu. Anayetafuna hindi atafune taratibu, na mwenye redio aizime, maana hadithi hii ina mambo ya kushikwa kwa akili, na nikikatizwa katikati nitaanza upya kabisa.

Hapo zamani, siyo ile zamani ya wanyama kusemezana, zamani hii ya karibu, palikuwa na kijiji kimoja huko juu kwenye baridi, watu wake wakulima wa mahindi. Mwaka huo viwavijeshi waliingia. Wakaingia shamba la huyu, wakala. Wakaingia shamba la yule, wakala. Walipoingia shamba la mwenyekiti, mkutano ukaitishwa.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Mwaijande. Alikuja mkutanoni anavuta mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni.

"Huyu ana mimba," akasema. "Kiwavi anatoka kwenye mayai ya kipepeo. Kipepeo jike anamwita dume kwa harufu. Atakayetutengenezea harufu hiyo, tukawanasa madume, majike wakabaki hawana wachumba, huyo atashika kamba hii aende na mtamba kwake."

Watu wakacheka kwa habari ya majike kukosa wachumba. Watatu hawakucheka. Hao ndio waliofanya kazi kwenye maabara ya chama cha wakulima, nyumba ambayo zamani ilikuwa ghala la pareto.

Wa kwanza Anyisile, mtu mzima, mpole, msemaji wa polepole mpaka unaweza kumenya kiazi kabla hajamaliza sentensi. Wa pili Lugano, kijana wa haraka, hajawahi kusubiri chai ipoe. Wa tatu Tusekile, mama Ipyana, mwanamke msafi kupita kiasi. Chombo kikipita mikononi mwake kinatoka kinang'aa.

Na Tusekile aliutaka ule mtamba kuliko wote. Ng'ombe wao alikufa kiangazi, na tangu hapo mama mkwe wake, Bibi Subilaga, alikuwa akienda kila asubuhi na kikombe mlangoni kwa jirani kuomba maziwa.  Mchana akimwona Tusekile anavaa koti jeupe la maabara, anamwuliza, "Mkwe wangu, hiyo kemia inakamuliwa?" Tusekile anacheka, lakini kile kikombe kinamuuma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Harufu ya kipepeo ni mnyororo. Pete za mnyororo ni kaboni, zimeshikana mkono kwa mkono. Mahali pamoja tu kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Kwenye vitabu mnyororo wa namna hiyo unaitwa alkeni. Msiogope hilo neno, mimi mwenyewe nililisoma mara nyingi kabla halijakubali kukaa kichwani.

Wafikirieni watu wawili wamebeba kitanda, wanatazamana, mikono yote imejaa. Hawawezi kugeuka. Kila mmoja ana kikapu kwenye kiwiko, ndiyo sehemu ya mnyororo iliyobaki upande wake. Vikapu vinaweza kuning'inia vyote upande wa mlango. Au kimoja upande wa mlango, kingine upande wa dirisha. Watu ni walewale, kitanda ni kilekile, lakini ukiwapitisha kwenye uchochoro utaona tofauti. Na kipepeo dume, pua yake ndiyo uchochoro huo.

Urefu wa mnyororo ulijulikana. Mahali pa mshiko wa mikono miwili palijulikana. Vikapu viwe upande mmoja au pande mbili, hilo halikujulikana.

Anyisile akaanza. Aliunganisha vipande vya mnyororo msimu mzima wa mvua. Kikiungana, anasafisha. Kikikataa, anaanza upya. Mwishowe akaleta mnyororo mzima, ila pale mahali kaboni zilikuwa zimeshikana mikono mitatu, zimenyooka kama fito.

"Mkono mmoja lazima uachie," akasema. "Na utakavyoachia, ndivyo vikapu vitakavyokaa. Kazi hiyo ni yenu. Msiumwage, maana sina mwingine."

Lugano hakusubiri. Alichukua sehemu yake, akaleta amonia iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, akatumbukiza vipande vya sodiamu. Kimiminika kikageuka bluu kama wino wa shule. Mnyororo ukaingia, mkono wa tatu ukaachia, na vikapu vikasukumana, kimoja mlangoni, kingine dirishani. Kila mnyororo hivyohivyo, hakuna hata mmoja uliokaidi.

Wakapaka harufu kwenye vipira vidogo, wakavitundika ndani ya ndoo za mitego, wakaweka shambani. Kipepeo dume akaja. Akanusa. Akapita zake.

Kijiji kizima kikamcheka Lugano. Wengine wakimkuta njiani wananusa hewa, wanapita zao.

"Chekeni," akasema Lugano. "Lakini sasa tunajua. Siyo pande mbili. Ni upande mmoja."

Hapo zamu ikawa ya Tusekile. Kwake kulikuwa na njia nyingine: unga wa madini ya paladi uliopakwa juu ya chaki. Mnyororo unalala juu ya unga kama mtu juu ya mkeka, na chembe za gesi ya hidrojeni zinatoka mkekani, zote kutoka chini, kwa hiyo vikapu vyote vinasukumwa upande mmoja. Upande uleule wanaoutafuta. Anyisile akampa chupa. Tusekile akafungua kopo la unga, akasogeza pua, akarudi nyuma.

Unga ulikuwa mchafu. Ulikuwa umepakwa mafuta fulani yanayonuka kama soksi za mtu aliyetembea kutwa. Tusekile hakufikiri hata kidogo. Aliuosha kwa spiriti, akaosha tena, mpaka harufu ikaisha na unga ukawa safi wa kupendeza.

Akaingiza hidrojeni. Maji kwenye bomba la kioo, yanayopanda kadiri gesi inavyoliwa, yakapanda mbio. Yakapita alama. Yakaendelea. Kabla hajafika kwenye koki, mkono wa tatu ulikuwa umeachia, na wa pili nao umeachia. Ukabaki mkono mmoja kwa mkono mmoja, mnyororo unazunguka ovyo, hauna upande.

Wakautundika hivyohivyo kwa kubahatisha. Kipepeo dume hakuja hata kunusa.

Tusekile alirudi nyumbani kichwa chini. Akabandika maharage. Yalipochemka, akachota majivu akafunika makaa, kama kila siku, ili moto upungue na maharage yaive polepole bila kuungua. Mkono wake ukasimama hewani.

"Mama," akamwambia Bibi Subilaga, "yale mafuta yalikuwa majivu."

"Mafuta gani yakawa majivu?"

"Nimeyaosha mwenyewe. Unga unachapa kazi kupita kiasi, waliouunda wakaupaka yale mafuta ili uwe mvivu. Mimi nikausafisha."

"Basi kwa mara ya kwanza usafi wako umekuponza," akasema Bibi Subilaga. "Nilijua siku itafika. Geuza maharage."

Asubuhi Tusekile akamkimbilia Anyisile nyumbani kwake. "Kaka, nimejua kosa. Nipe mnyororo."

Anyisile akatazama ukuta. Wote waliamini mnyororo umekwisha. Alikwisha kuwaambia, na mwenyekiti alipomuuliza, alikula kiapo.

"Kaka Anyisile, hata tone hakuna?"

"Tone," akasema polepole, "lipo." Akafungua sanduku la nguo, akatoa chupa iliyofungwa kwenye soksi. "Ninyi wawili nawafahamu. Mmoja ana haraka, mwingine anaosha kila kitu. Nikaficha."

Tusekile akaupaka unga yale mafuta tena, huku amefumba pua. Akamwuliza Anyisile kiasi kilichomo kwenye chupa, akapiga hesabu, akafunga uzi mwekundu kwenye bomba la kioo pale maji yanapotakiwa kusimama. Akafungua hidrojeni. Safari hii maji yakapanda polepole, kwa adabu.

Yakiwa katikati, Bibi Subilaga akatokea getini anapiga kelele kwamba mbuzi wa jirani wako kwenye maharage. Jirani huyohuyo wa maziwa. Tusekile akashika kichwa.

"Lugano, kaa hapa. Maji yakifika kwenye uzi, funga koki. Usiguse kitu kingine."

"Dada Tuse, mimi na kukaa?"

"Leo utakaa."

Akakaa. Tusekile aliporudi, jasho linamtoka na tope miguuni, alikuta koki imefungwa, na maji yako chini ya uzi.

"Umefunga kabla. Lugano, umefunga kabla."

"Tulia kwanza. Yalikuwa yanapanda vizuri, halafu yakaanza kuvuta miguu. Nikasema, hapa mkono wa tatu umekwisha kuachia kila mahali, sasa hidrojeni zinataka kugusa wa pili. Nikafunga."

"Lakini uzi nimeupigia hesabu."

Anyisile akakohoa. "Huenda," akasema, "kile kiasi nilichokutajia hakikuwa chote chupani. Nilibakiza tena kidogo. Nyumbani."

Wakamtazama. Kumbe uzi ulifungwa juu mno. Maji yangefika pale, mkono wa pili ungekuwa umeanza kuachia.

Wakapaka vipira, wakatundika mitego. Kipepeo dume akaja. Akanusa. Akaingia. Na mwenzake akaja, akanusa, akaingia. Ndoo zikajaa mabawa, mahindi yakanyanyuka, na watu wakaanza tena kusalimiana kwa furaha asubuhi.

Ndipo Mzee Mwaijande akaja na mtamba, tumbo sasa limeshuka. Kijiji kizima kikazunguka. Bibi Subilaga naye alikuwepo, mbele kabisa, anatazama chuchu za yule mtamba.

"Haya," akasema mwenyekiti. "Aliyeleta harufu ashike kamba."

Mikono mitatu ikanyooka. Watu wakaguna.

"Semeni mmoja mmoja."

Anyisile akasema, "Mnyororo ni wangu. Bila mnyororo hawa wangekuwa wanapuliza hewa kwenye maji. Na kama nisingeficha, leo tungekuwa hapa tunahesabu mabua."

"Lakini uliniapia umekwisha," akasema mwenyekiti.

"Nilikudanganya. Na uongo wangu ndio huo mliotundika shambani."

"Na ule wa pili?" akadakia Lugano. "Ulioficha bila kusema, nusura utuharibie?"

Anyisile akatazama chini. "Huo sijautetea."

Lugano akasema, "Mimi ndiye niliyejua upande."

"Kwa kukosea," mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Kwa kukosea vizuri. Nilichotengeneza kilikuwa cha namna moja tupu. Ningeleta mchanganyiko, vipepeo wawili watatu wangeingia, na mpaka leo mngekuwa mnabishana. Mitego yangu ilikaa tupu ikasema wazi. Na koki nani alifunga? Mimi, ninayejiunguza ulimi kwa chai kila siku."

Zamu ya Tusekile. Alimtazama mama mkwe wake mara moja, akaondoa macho haraka.

"Mimi niliharibu," akasema. "Siwezi kulificha, mliona. Sehemu kubwa ya jasho la kaka Anyisile niliimaliza kwa kuosha. Lakini Lugano aliwaonyesha upande ambao siyo. Upande wenyewe nani aliufikia? Unga ule mimi niliujua kwa kuuharibu, na mimi niliutengeneza. Kufunga koki ni kazi nzuri, ila palikuwa na kitu cha kufungia kwa sababu yangu."

"Ukaondoka," akasema Lugano.

"Nikaondoka, ndiyo. Mbuzi walikuwa kwenye maharage."

Watu wakacheka, lakini kamba bado iko mkononi mwa mwenyekiti. Mmoja akashauri mtamba alale kwa zamu. Bibi Subilaga akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Akilala kwa watatu atakosa majani kwa watatu, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakata. Mpeni mmoja. Hata asipokuwa wa kwetu."

Tusekile aliposikia hayo, hakuushusha mkono wake. Wala Anyisile hakushusha. Wala Lugano. Mzee Mwaijande akazungusha macho, akasema, "Mimi nimeshindwa. Ninyi mliosikia ndio mseme."

Na mimi pia nawaachia hapo. Nakwenda kufungia kuku kabla kicheche hajafika, na nikirudi nikute mmekubaliana. Nikikuta mnagombana nitakaa chini niwasikilize, maana mwenyewe nimebadili mawazo mara nyingi. Mmoja alijenga mnyororo, akasema uongo uliookoa, na mwingine nusura uharibu kila kitu. Mmoja alikosea vizuri, akafungua macho ya wote, na akafunga koki bila kufuata alichoambiwa. Mmoja aliharibu kwa kuosha, akatengeneza kwa mikono ileile, akaondoka kazi ikiwa katikati.

Je, nani alistahili kushika kamba?