Kidole Gumba cha Danstani

Mtu mmoja alikuwa na shamba la parachichi kwenye miteremko ya Njombe, jina lake Edmundi Mligo. Miti ilikuwa bondeni, na banda la kufungashia lilikuwa juu kabisa, kando ya barabara. Kreti zilipandishwa kwa mashine moja tu, pikipiki ya matairi manne yenye tela nyuma. Aliyeiendesha ni Danstani Kyando, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa na Mligo tangu miti ile ikiwa miche ya kufika gotini.

Sasa, mashine hiyo si kama bodaboda. Bodaboda, mafuta unayavuta kwa kiganja kizima. Hii unayabonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kwenye kidude kidogo kilicho kando ya usukani. Ukikiachia kinarudi, na mashine inakata mwendo. Kwa hiyo mtu akipanda mlima na mzigo, hana ruhusa ya kupumzisha kidole mpaka afike juu. Mabega yamekaa, mgongo umekaa, mwili mzima uko kitini, na kazi yote anaifanya yule mfupi wa pembeni, kutwa nzima.

Mavuno yalipopamba moto, Danstani alikuja bandani asubuhi, wachumaji wamekusanyika kupangiwa mistari ya miti. Alivua kofia. Akasema kidole kimeanza kufa ganzi, kile kidude kimekuwa kigumu, anaomba fundi akitazame. Hakuomba likizo, jamani, wala hakuomba nyongeza. Aliomba fundi.

Mligo alikuwa na haraka, lori lilikuwa njiani. Badala ya kumjibu akaona awachekeshe watu. Akapaza sauti: "Hebu njooni muone maajabu! Mama zenu hapa wanabeba kreti kichwani kutoka mitini hadi kwenye tela, huyu kakalishwa kwenye kiti, eti anachoka kidole!"

Watu wakaangua kicheko. Si kwamba walikuwa wabaya. Bosi akitania, nani atanuna? Tangu siku ile wakamwita Kidole. Kidole, leta kreti. Kidole, umeamkaje leo? Danstani alitabasamu kama anavyotabasamu mtu asiye na pa kwenda, na hakuomba tena.

Wiki ya tatu, kwenye mlima ule mkali, kidole kikakataa. Hakikuuma, kilikataa tu. Mashine ikakata mwendo, tela likaivuta nyuma, vyote vikaishia mtaroni. Danstani aliruka, akasalimika. Mligo hakuuliza kilichotokea. Alimwambia mbele ya watu walewale kwamba kama kazi ya kukaa imemshinda, basi akakae kwake. Danstani akaweka funguo juu ya kreti, akaondoka kwa miguu.

Basi mashine ikatolewa mtaroni, Mligo akaipanda mwenyewe, tena kwa makusudi, ili watu waone. Safari ya kwanza alipiga mluzi. Ya tano alinyamaza. Kufika saa sita mchana alikuwa anabonyeza kwa kiganja, usukani unamwendea kombo, na maumivu yametoka kwenye gumba yamefika kwenye kiwiko. Walipokaa kula, akamega tonge la ugali, akataka kulibonyeza apate pa kuchotea mchuzi. Gumba halikuitika. Tonge likaanguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Labda hakuna aliyeona, au wote waliona wakainamia sahani zao. Akauficha mkono mfukoni, akasema ameshiba. Hapo ndipo aibu ilipoanza kumla, maana alijua wangemcheka, na alijua vizuri ni nani aliyewafundisha kicheko hicho.

Kesho yake akamwita fundi kimyakimya. Fundi akautoa matope waya wa mafuta, akautia oili, akalegeza nati moja na kukishusha kile kidude kidogo tu, ili kidole kilale sawa na mkono badala ya kujikunja kwenda juu. Akamwambia Mligo kwamba kila akifika juu aachie usukani, anyooshe vidole, avichezeshe kabla ya kushuka. Ilikuwa kazi ya robo saa. Mligo akabonyeza, akakuta kidude kimekuwa laini kabisa. Kisha fundi, huku akifuta mikono na bila nia mbaya yoyote, akasema kwamba Danstani alishamfuata mara mbili kwa kazi hiyohiyo, siku zake za mapumziko, naye akamjibu alete kwanza ruhusa ya mwenye mashine.

Lo! Mligo alitamani ardhi ipasuke immeze. Robo saa ya fundi na neno moja la ruhusa kutoka kinywani mwake yeye Mligo, basi. Hakusubiri. Mchana uleule akaenda kwa Danstani, ila alipita njia ya nyuma, ile ya kwenye mianzi, ambako hakuna watu. Alimkuta uani akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Wakasalimiana, akapewa kigoda. Mligo akasema yote. Tumpe haki yake, hakujitetea. Alisema amekosa, alisema mashine imetengenezwa, alimsihi arudi kazini, na machozi yalimlengalenga. Danstani alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka gunzi chini.

"Bosi, mimi nimekusamehe. Lakini siku ile ulinisema mbele ya watu arobaini. Leo mbona umekuja peke yako?"

Mligo aliaga, akarudi kwa njia ileile ya mianzi, na njia nzima alikuwa anapanga maneno atakayosema asubuhi bandani. Aliyapanga vizuri, akayarudia hadi akayashika kichwani.

Asubuhi wachumaji wakakusanyika, wote arobaini. Mligo akasimama mbele yao. Akakohoa, akafungua kinywa, akaanza kugawa mistari: nyie huku, nyie kule. Mwanamke mmoja wa mbele akauliza kama Kidole harudi tena. Watu wakacheka. Mligo akahisi uso unamwaka moto, akayatafuta yale maneno yake, nayo yalikuwepo, yote, tena kwa mpangilio wake. Akacheka pamoja nao, kidogo tu, kisha akaenda kuwasha mashine.

Nawe uliyeketi hapa unamsikitikia Mligo, yule uliyemwaibisha hadharani, ulimwomba radhi wapi?