Mtungi wa Wageni

Ninyi mlioketi nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele kidogo, maana leo sitapaza sauti. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja na mkewe. Msianze kutazamana na kukisia ni akina nani. Hawako katika usharika huu, na kama wangekuwepo, nisingewasimamisha hapa mimbarani.

Kulikuwa na mkulima mmoja huko milimani, kwenye mashamba ya tangawizi. Tumwite Mzee Sefania. Mkewe tumwite kama kijiji kizima kilivyomwita, Mama Niwaeli, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Watoto walishaoa na kuolewa, wengine wako Moshi, wengine Tanga, na nyumba ilibaki na watu wawili na paka. Na walipendana, wapendwa. Mzee akichelewa shambani, mama hawezi kula. Mama akienda kwenye kikundi cha akina mama, mzee hatulii, anatoka uani kuchungulia njia, halafu akimwona anakuja anarudi ndani haraka na kujifanya anasikiliza redio. Mnawajua wazee wa namna hiyo?

Jiko lao lilikuwa nje, kibanda cha miti kilichokandikwa udongo, mafiga katikati, na dari nyeusi kwa masizi utadhani imepakwa lami. Mama alipikia humo tangu alipoletwa bibi harusi. Na kuni alizopikia zililetwa na mtu mmoja tu, mumewe. Wanaume wengine pale waliona kuni ni kazi ya mwanamke. Yeye siku ya kwanza kabisa alimwambia mkewe, "Kichwa chako hakitabeba kuni wakati mimi nina mabega." Na hilo neno alilishika ujana wake wote na uzee wake.

Sasa ikaja serikali na mpango wake wa nishati safi. Msitu wa hifadhi ulio juu ya kijiji ukafungwa, hakuna tena kuingia kukata wala kuokota, kwa sababu chemchemi zilikuwa zinakauka na mifereji ya mashamba inabaki vumbi. Na ili watu wasiachwe hivi hivi, ikaletwa mitungi midogo ya gesi, ile yenye jiko lake juu, ikauzwa kwenye ofisi ya kata kwa nusu ya bei, nusu nyingine ikalipwa na serikali. Mkutano ukaitishwa uwanjani. Binti mmoja, ofisa maendeleo wa kata, akaonyesha watu namna ya kuwasha na kuzima. Mzee Sefania na mkewe walikwenda pamoja na wakarudi na mtungi wao, mzee ameubeba begani.

Walipofika nyumbani mama aliufuta vumbi, akauweka sebuleni kando ya redio, akaufunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Akarudi nyuma, akautazama kama mtu anayetazama picha ukutani.

"Huu utakuwa wa wageni," akasema.

Mzee alijiambia moyoni, mke wangu anauogopa. Amesikia habari za mitungi kulipuka, na jiko lake amelizoea. Kumlazimisha mtu unayempenda awashe kitu anachokiogopa, huo ni upendo gani? Kesho yake alinoa shoka.

Lakini kuni zilikuwa hazipatikani karibu tena. Ilimbidi avuke bonde, apande upande wa pili, kwa watu waliokuwa na miti iliyokauka mashambani mwao, kisha arudi na mzigo kwenye njia inayoteleza. Bega la kulia likaanza kumuuma. Alilipaka dawa ya misuli akiwa nyuma ya banda la mbuzi, ili mkewe asisikie harufu yake. Usiku akigeuka kitandani anauma meno asigune. Na moyoni, wapendwa, alikuwa na furaha ya ajabu. Alijisikia bado ni kijana anayemhudumia mchumba wake.

Upande wa mama, kikohozi hakikumwacha. Kuni zile za upande wa pili zilikuwa na moshi mzito. Alfajiri mzee akiwa bado amelala alimsikia kibandani akipuliza moto, anakohoa, anapuliza tena. Kisha mama anaingia na chai ya tangawizi, macho mekundu yanatiririka machozi, anatabasamu.

"Moshi leo umezidi?" mzee anauliza.

"Moshi ni moshi tu, Baba Niwaeli. Kunywa kabla haijapoa."

Siku moja yule binti wa kata akapita kufuatilia waliochukua mitungi. Akawaamkia, akakaribishwa sebuleni, akauona mtungi umevaa kitambaa.

"Mama, mnautumia kweli?"

"Tunautumia, mwanangu. Wageni wakija."

"Na mimi si mgeni? Basi niwashieni nipate chai."

Mama Niwaeli akacheka, akamletea chai iliyokwisha kuchemshwa, iliyokuwa kwenye chupa. Binti akanywa, akashukuru. Kabla ya kuondoka akamwambia kwa upole, "Mama, serikali haikutoa nusu ya bei kwa ajili ya wageni wako. Imetoa kwa ajili ya kifua chako."

Mama akaitikia, "Nimesikia, mwanangu," kwa namna ile ya watu wazima wanaosikia na hawabadiliki.

Mzee akamsindikiza binti hadi njiani. Binti akasimama. "Babu, mama anakohoa vibaya. Hebu ongea naye."

"Mke wangu hapendi kusukumwa," mzee akajibu. Alidhani amemtetea.

Zikaja mvua za masika. Mnajua mvua za milimani zinavyokaa. Mzee alivuka bonde asubuhi, akapata mzigo wake, na katika kurudi, pale penye mteremko, mguu ukateleza. Akaenda chini yeye na kuni zake. Jirani aliyekuwa akirekebisha mfereji alimkuta amekaa kwenye matope, kifundo cha mguu kimevimba, anajaribu kuzikusanya kuni kwa mikono. Jirani akamwambia aziache. Mzee akasema, "Nikiziacha, atapikia nini?" Ikabidi jirani ambebe mgongoni, na kuni zikabaki bondeni.

Alilazwa kwenye kochi sebuleni, ameloa, anatetemeka hata meno yanagongana. Mama akamvua nguo zilizoloa, akamfunika blanketi, akakimbilia kibandani kumchemshia kitu cha moto. Lakini kuni zilizobaki zilikuwa zimenyeshewa. Mzee akamsikia anapuliza, anakohoa, anapuliza. Moshi ukaja mpaka dirishani, moto haukuja.

Kisha mama akaingia sebuleni. Akaondoa kitambaa. Akafungua dirisha kwanza, akausogeza mtungi karibu nalo, akawasha kiberiti, akazungusha kitufe, na moto wa bluu ukajaa kwenye jiko bila kelele. Akateleka sufuria kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Mzee akasahau baridi. "Mama Niwaeli, nani amekufundisha?"

"Si tulifundishwa wote uwanjani? Mimi nilikuwa nasikiliza. Wewe ulikuwa unapiga soga na wenzako."

"Kwa hiyo huuogopi."

"Niuogope, una meno?"

"Sasa mbona hujawahi kuuwasha?"

Mama akaponda tangawizi, akaitia kwenye sufuria, akakoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Siku ile uwanjani uliwaambia wenzako kwamba chai ya gesi ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Ulisema chai isiyo na moshi haipiti kooni mwako. Wote wakacheka. Nikasema basi, mume wangu anapenda chai ya kuni. Nitampikia ya kuni."

Mzee akatafuta kumbukumbu hiyo kichwani, akaipata kwa taabu. Ni kweli alisema. Alisema ili achekeshe wazee wenzake waliosimama juani, na kabla mkutano haujafungwa alikuwa ameshasahau.

"Nilikuwa natania," akasema.

"Hukuniambia unatania." Mama akamgeukia. "Na wewe, hilo bega unalolipaka dawa nyuma ya banda la mbuzi, unadhani sina pua? Kwa nini hukuniambia umechoka na kuni?"

"Nilidhani wewe ndiye huutaki mtungi."

Wakatazamana. Mama akaanza kucheka yeye kwanza, mzee akafuata huku ameshika mguu wake, wakacheka mpaka paka akatoka nje. Ingeishia hapo, wapendwa, tungecheka nao, tukaimba pambio, tukaenda zetu nyumbani.

Lakini mama aliipua sufuria na kuanza kumimina chai. Chai ikapita pembeni ya kikombe. Ikamwagika mezani, ikachuruzika hadi sakafuni, naye bado anamimina, bado ana tabasamu la kile kicheko usoni. Mzee akaangalia ule mkono. Kisha, kwa mwanga wa lile dirisha lililo wazi, pasipo moshi kati yao, akayaangalia macho ya mkewe. Yalikuwa na weupe ndani yake, kama ukungu uliotua juu ya maji.

"Mama Niwaeli," akasema polepole, "kikombe kiko wapi?"

Mama akanyoosha mkono, akapapasa. "Si hiki hapa."

Hakikuwa hapo.

Mzee akamkalisha kando yake. Akamuuliza tangu lini. Mama akasema tangu mavuno ya mahindi. Kule kibandani anajua kila kitu kilipo, hahitaji kuona. Na hakutaka kusema, kwa sababu angesema ni moshi, mzee angeacha kunywa chai anayoipenda.

Yule mzee aliyeanguka bondeni asilie, akalia pale kwenye kochi.

Mguu ulipoweza kukanyaga wakaenda hospitali wilayani. Daktari akasema umri umeleta ugonjwa na moshi umeuharakisha. Jicho moja likasafishwa, na mama anaona nalo hadi leo, anamwona mumewe na kumwambia amezeeka. La pili lilikuwa limekaa mno na vidonda, halikurudi. Wakati mama akiuguza jicho, mzee ndiye aliyepika kwenye gesi. Makande yake yalikuwa hayaliki, na mama aliyala yote. Kile kibanda sasa wanawekea tangawizi.

Sasa niambieni, nani alikosea? Serikali ilifunga msitu, maji yakarudi mferejini. Ilishusha bei. Yule binti alipanda mlima kuwafuata mpaka sebuleni. Gesi ilikuwa ndani ya mtungi, imejaa. Serikali ikitunga sera njema tuishukuru na tuifuate, maana misitu ni ya Mungu na vifua vyetu ni vya Mungu. Lakini hakuna sera inayoweza kuingia kati ya mume na mke ikawafungua midomo. Hapo serikali inafika mlangoni, inasimama.

Watu wale hawakukosa upendo. Walikuwa nao mwingi kuliko wengi wetu. Mmoja aliumiza bega kwa ajili ya mwenzake, mwingine akatoa jicho, na hakuna aliyeombwa. Ni wangapi kati yetu tunajivunia sadaka ambazo tuliowatolea hawakuzihitaji? Baba anafanya kazi mbali mwaka mzima ili watoto wapate vizuri, na watoto walimtaka yeye. Mama ananyamaza ndani ya nyumba ili pawe na amani, na mumewe anaona ule ukimya akidhani amechukiwa. Tunaita uvumilivu. Mara nyingine, ndugu zangu, ni uvivu wa kuuliza. Tunaona rahisi kubeba mzigo bondeni kuliko kumkalisha mtu tukamwambia, hebu niambie ukweli.

Na Mungu naye, tumemfanyia nini? Tumemtolea vingapi ambavyo hakutuagiza, huku alichotuagiza tumekiweka kando kikae safi?

Leo sitafunga kwa maombi marefu. Umekuja na mtu hapa, au yuko mtu amebaki nyumbani anakungoja. Njia ya kurudi inatosha kwa swali moja. Mwulize, "Kuna kitu unakivumilia kwa ajili yangu ambacho mimi sikukuomba?" Ukishauliza, usijitetee. Nyamaza, umsikilize mpaka mwisho. Nendeni, mkaulizane.