Enanga ya Rutaihwa

Mwulize mwanafunzi yeyote maana ya "mcheza kwao hutunzwa", naye atakujibu bila kupepesa macho kwamba anayecheza ngoma nyumbani hupewa zawadi na watu wake. Jibu hilo ni sahihi na mwalimu atalitia vema. Lakini kuna nusu nyingine ya maana ambayo watu huiacha mezani: watu wa kwao ndio wanaojua anacheza nini, na akikosea hatua ndio watakaomwambia. Mgeni hupiga makofi tu, hata ngoma ikiwa imepasuka. Familia ya marehemu Gozbert Rutaihwa wa Rubafu iliijua nusu hiyo tangu zamani, na mwaka jana nusura iisahau.

Rutaihwa alikuwa mpiga enanga. Kwa asiyeijua, enanga ni ala ya nyuzi ya Wahaya, imechongwa kwa kipande kimoja cha mti, na mpigaji huilaza mapajani huku akisimulia kwa wimbo habari za watu na koo zao. Mzee huyo alialikwa kila mahali, kuanzia harusi za Bukoba mjini hadi visiwa vya wavuvi kule Muleba, na hakuna mahali alipopanda akashuka bila watu kumdai wimbo mwingine. Pamoja na sifa zote hizo, alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Kila wimbo mpya aliuimba kwanza katika uwanja wa nyumba yake, mbele ya majirani. Wakikunja nyuso, aliufuta ubeti. Wakicheka pasipo kuchekesha, alirudi kuutengeneza. Alizoea kusema kwamba wimbo usiopita uwanjani kwake hauna nauli ya kwenda popote.

Dativa, kifungua mimba wake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi akiishi Rwamishenye. Baba yake alikuwa amemfundisha enanga tangu akiwa darasa la tatu, ingawa watu walinong'ona kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Mzee aliwaacha wanong'one hadi midomo ikachoka. Lakini tangu siku ya mazishi, miaka sita kabla ya haya ninayosimulia, Dativa hakuwa ameigusa tena ala hiyo. Ilining'inia sebuleni kwa mama yake, Klaudia, imefungwa kwa kanga. Kila alipoitazama, vidole vilimfa ganzi.

Basi mwaka jana, mwezi wa sita, mdogo wake Datius, mwenye duka la simu palepale Rwamishenye, alimletea mgeni. Alikuwa kijana nadhifu aitwaye Najibu, kutoka kampuni ya burudani ya Dar es Salaam. Alisalimia kwa adabu, akafungua kompyuta yake, akaeleza kwamba wamekusanya kanda na video za marehemu, wakaitumia akili mnemba, yaani mashine inayojifunza sura na sauti ya mtu, kumrudisha jukwaani. Tamasha la Muleba lilikuwa mbioni. Kilichokosekana ni saini ya familia.

"Mwalimu, tazama mwenyewe," Najibu alisema.

Kwenye kioo akatokea Rutaihwa. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe na koti la kijivu, enanga mapajani. Akainua uso, akatabasamu kwa upande mmoja kama kawaida yake, akasema, "Dativa mwanangu, likubali jambo hili. Nataka kuwaimbia watu tena."

Dativa alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya mgeni, na hakuona haya. Kwa muda alitamani kuamini, na mkono wake ukaifuata kalamu mezani. Ndipo swali likamchoma kama mwiba: baba yake alisema maneno hayo lini?

"Haya maneno mmeyatoa kanda gani?" aliuliza huku akijifuta machozi.

Najibu alisitasita. "Hayapo kwenye kanda, Mwalimu. Tuliyaandika sisi. Ilikuwa ni kukuonesha tu."

"Kwa hiyo mmemtuma baba yangu kwangu kama tarishi, na yeye hana habari?"

"Marehemu hawezi kuulizwa. Ndiyo maana tunaiomba familia."

Datius aliingilia kati. "Dada, usimwonee kijana wa watu. Fikiri. Kanda za baba, za Tata wetu, zinaliwa na ukungu. Watoto wangu mwenyewe hawamjui babu yao. Tukikataa, miaka kumi ijayo nani atajua kwamba aliwahi kuwepo Rutaihwa?"

Hapo alikuwa amemgusa pabaya. Jambo hilohilo ndilo lililokuwa likimnyima Dativa raha kwa miaka sita. Jina la baba yake lilikuwa linazama, na yeye aliyefundishwa kuliinua alikuwa ameikunja mikono. Aliitazama kalamu, akaisukuma pembeni taratibu.

"Sikatai, wala sijakubali," alisema hatimaye. "Lakini Tata hakupeleka wimbo popote kabla haujapita Rubafu. Kama huyu ni yeye, basi aanzie nyumbani."

Najibu alicheka kwa furaha. Kwake hilo lilikuwa jambo dogo sana. Alikubali palepale, na hakujua amekubali nini.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, uwanja wa Mama Klaudia ulijaa. Migomba ilikuwa imefyekwa majani makavu, nyasi mbichi zimetandazwa chini kama kwenye sherehe, na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, vikapita mkono kwa mkono. Vijana wa Najibu waliweka televisheni pana kama mlango kwenye kibaraza, wakaizungushia turubai ili jua lisiizibe picha. Mbele kabisa alikaa Joackim, jirani aliyekuwa hodari wa kumkosoa Rutaihwa kuliko mtu yeyote hai. Kando yake alikaa Bundala, mvuvi wa Kisukuma aliyevuka ziwa kutoka visiwa vya Muleba kwa sababu mzee huyo ndiye aliyeimba kwenye harusi yake.

Rutaihwa alipotokea, watu walishusha pumzi kwa pamoja. Akaanza na ule wimbo wa kusifu kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na haki ya Mungu, aliuimba. Sauti ilikuwa ileile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Wanawake walijifuta macho kwa kanga. Mama Klaudia alikuwa ameshika tama.

Joackim, mwenye desturi zake, aliinuka na kijikapu cha akamwani. Hizo ni buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humpa mgeni atafune kabla ya neno lolote. Mwimbaji akipewa akamwani hunyamazisha nyuzi, huchukua, hutafuna, halafu hulitia jina la mtoaji ndani ya wimbo. Hivyo ndivyo anavyotunzwa, na hivyo ndivyo anavyoshukuru. Joackim alikinyoosha kijikapu mbele ya kioo. Rutaihwa aliendelea kuimba. Joackim alisogea hatua moja, akainama kwa heshima. Rutaihwa aliendelea kuimba, tabasamu lilelile la upande mmoja, macho yakimpita Joackim kama upepo unavyoipita nguzo. Mzee wa watu alisimama pale, mkono mbele, mpaka mkono ukachoka. Akacheka kicheko cha aibu, akarudi kuketi na kijikapu chake.

Kisha ukaja wimbo wa pili, ambao ulikuwa mpya. Mfadhili wa tamasha alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na kampuni ilimtungia wimbo wa kumpendeza. Rutaihwa alizicharaza nyuzi kwa madaha, akaimba kwamba amezunguka ziwa lote lakini hajaona utamu kama wa kamongo. Kwamba amemla kamongo jana, na leo amerudi kumtaka tena.

Kikombe cha rubisi kilichokuwa njiani kuelekea mdomoni kilirudi chini.

Kamongo ndiye mwiko wa ukoo wa Rutaihwa. Hawamli, hawamgusi, na chungu alichopikiwa hakivuki kizingiti chao. Bundala mwenyewe alijua. Kila mzee alipofika kisiwani, mkewe Bundala alinunua sufuria mpya, akampikia sato peke yake. Na sasa Rutaihwa huyohuyo, katika uwanja alioujenga kwa mikono yake, mbele ya mjane wake, alikuwa akijilamba midomo.

Mama Klaudia alisimama. "Zimeni," alisema.

Aliyeshika mtambo alimtazama Najibu.

"Nimesema zimeni! Mume wangu nilimzika mimi, na alikufa akiwa msafi. Huyo simjui."

Kidole kimoja kikabonyeza, Rutaihwa akatoweka. Najibu alikuwa ametota jasho. Alimwendea mama yule, akapiga goti kama alivyoona wengine wakifanya.

"Mama, nisamehe. Hatukujua. Ni mstari mmoja tu, tutaufuta leo leo."

"Mtaufuta kwa sababu tulikuwepo tukausikia," alijibu Dativa. "Kesho ataimba Mwanza, keshokutwa Dar. Atasifu nini huko? Atamwombea nani kura? Nani atakuwepo wa kuwaambia mzime? Baba yangu alikosea mara nyingi hapa, Najibu. Mzee Joackim alimkosoa, akacheka, akabadilisha. Huyu wenu hasikii. Mtu asiyeweza kusema hapana, msimpe maneno ya kusema. Saini yangu hamtaipata."

Najibu aliinamisha kichwa. Lakini Datius alibaki amesimama katikati ya uwanja kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

"Sawa, Dada," alisema kwa unyonge. "Nimekosa, nami nimeona. Ila niambie. Muleba wanamsubiri Rutaihwa. Tukimzima huyu, nani ataimba? Au ndiyo tumemzika moja kwa moja?"

Dativa alihisi macho ya watu yakimwelemea mabegani. Alipiga moyo konde, akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa na enanga mikononi, na ile kanga ikining'inia begani.

Aliketi juu ya nyasi, akailaza ala mapajani. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Alizikaza moja moja, bila haraka. Kisha akauanza wimbo wa kibanja. Vidole vilikuwa vigumu. Ubeti wa kwanza ulipita kwa taabu. Katika wa pili alipotea kabisa.

"Hapo umeruka, waitu!" Joackim alipaza sauti. "Baba yako alianzia kwa bibi, si kwa babu. Rudi nyuma!"

Watu waliangua kicheko. Dativa naye alicheka, na kicheko hicho kilimfungua vidole. Akarudi nyuma, akaanzia kwa bibi. Sauti yake haikuwa ya baba yake, wala hakujaribu kuiiga. Ilikuwa nyembamba na kavu kidogo, sauti ya mwalimu aliyezoea kuita majina ya watoto arobaini kila asubuhi. Lakini maneno yalikuwa na mizizi, na yalipofika mwisho wa ubeti wa nne, mguu wa Mama Klaudia ulikuwa umeanza kupiga ardhi wenyewe.

Bundala aliinuka. Alikichukua kijikapu kwa Joackim, akaenda mbele ya Dativa, akakinyoosha kwa mikono miwili. Dativa alinyamazisha nyuzi. Akachukua buni mbili, akatafuna, akamtazama mtu yule usoni. Kisha akaimba juu ya Bundala aliyeacha ng'ombe wa Usukumani akafuata maji, na juu ya mkewe anayemnunulia mgeni sufuria mpya ili asimvunjie mwiko wake. Ubeti huo haukuwa kwenye kanda yoyote duniani. Ulizaliwa palepale, mchana kweupe.

"Kasinge, waitu!" uwanja uliitikia kwa shangwe, ndiyo hongera ya heshima ya Kihaya, na Bundala, mwanamume aliyezoea mawimbi, alilia kama mtoto. Mama Klaudia aliingia katikati akacheza, mikono juu. Watu walimwagia Dativa zawadi: huyu kanga, yule kuku, mwingine debe la buni. Hata Datius alivua koti lake jipya, akamvisha dada yake mabegani. Dativa alijiona mrefu. Alijivunia baba yake, akajivunia uwanja ule, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijivunia mikono yake mwenyewe.

Najibu hakurudi Dar mikono mitupu. Aliomba ruhusa, naye akapewa, kuzisafisha kanda za zamani bila kuongeza hata neno, ili wajukuu wamsikie mzee kama alivyokuwa. Na miezi miwili baadaye, katika uwanja wa Muleba uliofurika watu, mtangazaji aliita jina la Rutaihwa, akapanda mwanamke mwenye koti la kiume na enanga mkononi. Safari hii hakuruka ubeti hata mmoja, kwa sababu Joackim alikuwa amemkalisha Rubafu kila Jumamosi mpaka alipotosheka. Zawadi alizorudi nazo nyumbani zilihitaji gari zima.

Siku hizi enanga ya Rutaihwa ingali sebuleni kwa Mama Klaudia, ila haifungwi tena kwa kanga. Yule aliyejifunza maneno yake mbali na watu wake alizimwa kwa kidole kimoja. Huyu aliyekosolewa uwanjani kwao anaitwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Kweli, mcheza kwao hutunzwa.