Mwonjaji wa Chakula cha Paka

Hodi wenyewe!

Karibu!

Mmekula?

Tumekula!

Mmeshiba?

Tumeshiba!

Basi mlioshiba tulieni, maana ngano yangu ya leo ni ya mwenye njaa. Chausiku, hiyo sahani ya mihogo iache. Iache, nimesema! Isogeze hapa kwangu, nitailinda mimi. Haya, sikilizeni.

Hapo kale, ila si kale sana, masufuria yalikuwepo, palikuwa na ua wa mama mmoja muuza dagaa, jina lake Bi Siwema. Kukicha Bi Siwema anajitwika ungo wake, huyoo, sokoni. Ua wote anawaachia wanyama. Walikuwepo Mbuzi, Bata na Kuku. Chini ya rundo la kuni alikuwepo Panya na mkewe na watoto wao, ila hao Bi Siwema hakuwa na habari nao. Na mkubwa wa ua alikuwa mbwa mmoja, shingo nene, meno kama misumari, jina lake Hamniwezi. Bi Siwema alimpa jina hilo ili majirani zake walisikie kila anapomwita. Majirani walisikia, lakini aliyeliamini zaidi ni mbwa mwenyewe.

Siku moja akaingia Paka. Si paka wa mtu, wala msidhani ni wale wa kulala juu ya mkeka. Paka wa jalalani, sikio limechanika, mbavu nje nje, tumbo linaburuzika chini. Akapita nyuma ya pipa bovu, kando ya zile kuni, akazaa huko huko. Kulipokucha ua mzima ukasikia: nyiii, nyiii, nyiii.

Wanyama wakamwonea huruma, kwa kweli wakamwonea. Wakakaa kikao, wajue watamsaidiaje.

Mbuzi akasema, "Meee! Apewe majani mabichi. Mimi nikiumwa nakula majani, napona."

Bata akasema, "Kwa kwa kwa! Huyo dawa yake kuoga. Hamumwoni alivyo? Tumtie kwenye karai langu, tumsugue."

Kuku akasema, "Kooo, jamani, wale watoto watapigwa na baridi. Nitawaatamia mimi. Mama yao akae pembeni."

Ikawa majani, kuoga, kuatamia. Majani, kuoga, kuatamia. Jua likapanda, kikao hakiishi, na kule nyuma ya pipa nyiii, nyiii.

Sauti ikatoka chini ya kuni. "Na mwenyewe mmemuuliza?"

Wote wakageuka. Ilikuwa pua ya Panya, pua tu, mwili ameuacha ndani.

"Alaa! Wewe Panya," Kuku akasema, "mambo ya Paka yanakuhusu nini? Si ungefurahi afe?"

"Nifurahi nini, dada yangu? Huyo tangu aje ameweka kambi mlangoni kwangu. Nikitoa sharubu, jicho lile! Mke wangu hajala, wanangu hawajala. Akiwa na njaa halali, na asipolala yeye mimi sitoki. Simpendi, sitawadanganya. Nataka ashibe tu, alale, na mimi nipate kupita."

Wakaona ana hoja. Mbuzi akatumwa nyuma ya pipa. Akasimama mbali, akakohoa. "Mwenzetu, tunataka kukusaidia. Unataka nini?"

Paka akatunisha mgongo. "Ffffff!" Kisha, alipoona mbuzi ni mbuzi tu, akasema polepole, "Nataka vichwa vya dagaa. Nataka maji. Halafu nataka mkae mbali. Msinishike, msinioshe, na wanangu msiwaguse. Maziwa yangu yanakauka, mama. Nikila, yatarudi. Nisipokula, hawa wanakufa. Sina lingine."

Mbuzi akarudi na majibu. Bata alinuna kidogo kwa ajili ya karai lake, lakini wote wakaenda kutafuta. Kuku akaokota vichwa vya dagaa pale Bi Siwema anapochambulia. Bata akavuta ukoko wa ugali. Mbuzi akasukuma bakuli kwa pembe. Bakuli likajaa, likanukia.

Hapo ndipo Hamniwezi alipoamka. Kikao chote alikuwa amelala, bakuli lilipojaa akaamka.

"Ngojeni!" akasema. "Hamna adabu? Desturi ya ua huu ni ipi?"

Wakatazamana. Ilikuwepo desturi kweli: chakula cha mgeni huonjwa kwanza na mkubwa wa ua, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone hakina sumu. Desturi nzuri, hata kwetu ipo.

"Huonjwa na wewe, mzee," wakasema.

"Basi pisheni."

Akaingiza mdomo. Chwapu! "Nimeonja juu, sijaonja chini." Chwapu, chwapu! "Nimeonja chini, sijaonja kulia." Chwapu, chwapu, chwapu! "Nimeonja kulia, sijaonja kushoto." Akalamba kulia, akalamba kushoto, bakuli likabaki jeupe, unajiona sura. Akajifuta midomo. "Kimepita. Hakina sumu. Mpeni mgeni."

Wakampa mgeni bakuli. Paka akalitazama, akawatazama wao.

Kesho yake wakatafuta tena, wakajaza tena. Hamniwezi akaja. "Nimeonja juu, sijaonja chini. Nimeonja kulia, sijaonja kushoto. Kimepita!" Bakuli jeupe. Keshokutwa hivyo hivyo. Na sauti nyuma ya pipa ikaanza kupungua. Haikuwa nyiii tena, ikawa nyi. Halafu kimya kirefu, halafu nyi.

Kuku alishindwa kula. "Jamani, wale watoto wanaisha. Hamniwezi aambiwe."

"Aambiwe na nani?" Bata akauliza.

Kila mmoja akatazama miguu yake.

Basi Panya akatoka mzima mzima, tumbo limeshikana na mgongo, akawaambia, "Hakuna wa kumwambia kitu. Yeye kasema desturi, na sisi tutashika desturi. Bata, lete karai lako."

Bata akafurahi, karai lake limepata kazi.

Mnaujua mwarobaini? Tabu, mbona unakunja uso? Enhe, unaujua. Pale uani ulikuwepo. Mbuzi akasimama kwa miguu ya nyuma, akavuta matawi, prrr, majani yakamwagika. Wakayatia karaini na maji. Bata akaingia akayakanyaga, pwata, pwata, pwata, mpaka maji yakawa kijani, mpaka Bata mwenyewe akawa anapiga chafya. Juu yake Kuku akatandaza vichwa vya dagaa, vizuri, vikafunika kote. Ukitazama unasema mchuzi huo.

Panya akajitosa karaini, chubwi! Akatoka, akajikung'uta.

"Wewe, unafanya nini?" Kuku akashangaa.

"Napima maji," Panya akasema. Akaenda zake hadi mbele ya Hamniwezi, akainama kwa heshima, mkia chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nisaidie, mimi mdogo sijui mambo. Chakula cha mgeni huonjwa na nani?"

"Na mimi!"

"Na maji yake?"

"Na mimi!"

"Na mgeni akiugua, akitengenezewa dawa?"

"Kila kinachopita mdomoni mwa mgeni nakionja mimi, Hamniwezi! Nani mwingine?"

"Mmesikia?" Panya akawauliza wenzake.

"Tumesikia!"

"Basi, mzee, mgeni ni mgonjwa na dawa yake ile pale. Kazi kwako."

Hamniwezi akaliona karai, akaviona vichwa vya dagaa, akacheka moyoni. Akaingiza mdomo mpaka machoni. Chwaaapu!

Weeee! Masikio yakalala. Macho yakatoka. Ulimi ukatoka nje, ukakataa kurudi. "Tfu! Tfu! Nini hii?"

"Dawa, mzee," Panya akasema kwa upole. "Umeonja juu, hujaonja chini."

"Imepita! Imepita, mpeni!"

"Aah, mzee. Juu ni dagaa tu. Sumu ikiwa chini je? Mgeni anakutazama."

Na kweli Paka alikuwa amechungulia nyuma ya pipa, anatazama. Hamniwezi akaonja chini. Chwapu. Mwili mzima ukamtetemeka.

Ua mzima ukaitikia, "Umeonja chini, hujaonja kulia!" Akaonja kulia, machozi yanamtoka. "Umeonja kulia, hujaonja kushoto!" Hata Mbuzi, mwoga yule, alikuwa anapiga kwato chini.

"Na hiyo ni ya asubuhi," Panya akasema. "Kuna ya mchana na ya jioni. Na kesho. Mgonjwa hatibiwi siku moja."

Hamniwezi akanyanyuka. "Nani aliyeleta desturi hii ya kijinga?" akafoka. "Mgeni mtu mzima, ana ulimi wake. Ajionjee mwenyewe! Kuanzia leo sitaki kusikia habari ya kuonja katika ua huu. Nisimwone mtu anaonja!"

"Hata chakula, mzee?"

"Hata chakula!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Akaondoka mbio kutafuta maji, kwii kwii kwii. Siku ile kila alichokitia mdomoni kilikuwa kichungu, mfupa mchungu, hata maji machungu.

Mbuzi akalipiga karai pembe, likamwagika lote, dawa ikaishia mchangani. Kuku akaleta vichwa vipya. Wakaweka bakuli, wakaweka maji, wakakaa mbali kama walivyoambiwa. Paka akala. Hakushukuru, alikula tu, na wao wakamwacha ale. Jioni wakasikia nyuma ya pipa nyiii, nyiii, nyiii, sauti nene ya mtoto aliyenyonya. Kuku akalia machozi, na hakujificha.

Paka akashiba, akalala, na Panya akapita. Akapita yeye, akapita mkewe, wakapita watoto. Kila wakitaka kutoka, kwanza wanapitia chini ya mwarobaini, wanajigaragaza kwenye majani, ndipo wanakwenda.

Siku moja Panya akakuta njia imezibwa. Paka amekaa katikati, mnene sasa, manyoya yanang'aa.

"Panya," akasema, "nimesikia ni wewe uliyewaokoa wanangu. Sogea nikushukuru."

"Nishukuru hapo hapo ulipo, dada."

"Lakini mimi sasa ni mwenyeji hapa, na wewe unapita kwangu, kwa hiyo wewe ni mgeni. Ngoja nikuonje kidogo tu, nione kama huna sumu."

Kuku akafumba macho. Panya hakukimbia. Akasogea, akageuza mgongo. "Karibu, dada. Onja."

Paka akapitisha ulimi, mlaa! Akasimama. Akaukunja uso wote, sharubu zikakutana.

"Umeonja juu," Panya akasema. "Hujaonja chini."

"Pita," Paka akasema. "Pita haraka."

Na ndiyo maana mpaka leo paka akishiba hukaa akajilamba mkono, akajilamba paja, akajilamba mgongo. Watu wanasema anaoga. Haogi. Anatafuta pa kufutia ulimi.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba wakubwa wanatupenda. Wanatangulia kuonja kwa ajili yetu, na sisi tuwaheshimu, tusiwaulize maswali mengi. Na mkimwona paka asiye na kwao, msiende mkamuuliza anataka nini, mtaharibu kikao.

Nilibisha mkanifungulia, natoka narudishia mlango. Atakayesema nimedanganya, naye atunge ya kwake.

Haya, Chausiku, lete sasa ile sahani. Imeshafika? Ah, ipo hapa hapa. Mbona mnanitazama hivyo? Nimeonja juu tu, sijaonja chini.