Kwa Nini Mbuzi Huvuta Kamba Upande Wake

Siku hiyo walikuwepo wanne na mtoto mchanga. Alikuwepo Mzee Nkwabi, aliyelijua Neno lote la Mungu kwa moyo. Alikuwepo mwanawe Luhende, na mke wa Luhende aliyeitwa Mbuke, na mgongoni kwa Mbuke binti yao Limi, ambaye alikuwa hajaota hata jino moja. Wa mwisho alikuwa Tulia, mbuzi jike wa kijivu mwenye pembe iliyovunjika. Namtaja pamoja nao kwa sababu zamani hizo mbuzi alihesabiwa na watu wa nyumba.

Nawasimulia haya kwa kuwa tangu asubuhi nawasikia mkibishana juu ya masufuria ya harusi. Mmoja anasema Kitabu kimeruhusu nyama, mwingine anasema mwanzoni Mungu aliwapa watu mimea tu. Wote mmesoma vizuri. Endeleeni kuchambua mchicha, nami nitawaeleza ubishi huo ulikowahi kupita.

Zamani hizo watu walikula kilichoota. Walikula uwele na mtama, kunde, maboga na majani yake. Mbuzi alitoa maziwa na hakufungwa kamba, kwani kamba ilikuwa ya kufungia kuni. Asubuhi mbuzi alitangulia kutafuta malisho na watu wakamfuata, maana mbuzi anapopata jani, mtu naye hakosi mboga. Jioni walirudi pamoja.

Vitabu vilikuwa havijaandikwa. Neno la Mungu lilikaa vifuani mwa wazee, nalo lilikuja mara mbili. Mara ya kwanza lilisema kwamba chakula cha mtu kina mizizi. Mara ya pili lilikuja baada ya gharika, mashamba yalipokuwa tope tupu. Likasema kwamba mtu akizidiwa anaweza kula hata chenye damu, ila asisahau kwamba kilikuwa hai. Watu walikariri yote, lakini hilo la pili hapakuwa na aliyewahi kulitumia.

Ukaja ukame wa miaka mitatu. Kisima kilibaki na maji ya kukwangua kwa kibuyu. Majirani walihama, lakini nyumba ya Mzee Nkwabi ilibaki kwa sababu Mbuke alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza kwenda mbali. Wakala hata uwele wa mbegu. Kila jioni Mzee Nkwabi alisema tumbo linamsumbua, akausukuma ugali wake kwa mkwewe, na Mbuke alijua kwamba tumbo lile halikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa njaa. Pamoja na hayo maziwa yake yalikauka. Wakamnywesha Limi maziwa ya Tulia, tone kwa tone, mpaka nayo yakakoma. Kwa siku tatu mtoto alikunywa uji mwepesi unaopita koo tu.

Asubuhi ya siku ya nne Luhende alitoka na kisu na jiwe, akaketi mlangoni, akaanza kunoa. Tulia alikuwa amerudi kutoka matembezi yake ya alfajiri. Siku hizo hakuna aliyekuwa na nguvu za kumfuata. Akasimama pale pale akikitazama kisu.

"Unanoa kwa kazi gani?" baba yake akauliza.

"Unaona mwenyewe, Baba. Mbuke akipata mchuzi, maziwa yake yatarudi."

"Chakula cha mtu kina mizizi. Hilo ndilo Neno la nyumba hii."

"Na lile la pili lilisemwa na nani? Si huyo huyo?"

"Lile ni la aliyezidiwa."

"Mtazame mjukuu wako, Baba. Sisi bado hatujazidiwa? Au tungoje tuzikwe kwanza?"

"Wewe Neno umelijua lini? Nilipokuwa nalifundisha, ulikuwa nje unakimbiza panzi."

"Panzi nao wana damu, na uliwala."

"Sikuwala. Nilionja."

Wakacheka kidogo, baba na mwana, hata Mbuke akaficha mdomo kwa kiganja. Kisha wakaanza tena. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja aliisema kwa ajili ya mtoto yule. Walibishana mpaka jua likafika utosini.

Mbuke alikuwa na jambo la kusema. Asubuhi ile Tulia aliporudi, naye akamkamua kwa mazoea tu, yalitoka maziwa ya kujaza kiganja, nayo yalinukia majani mabichi. Limi aliyanywa, akalala. Tena kwato za Tulia zilikuwa na tope. Tope, katika mwaka wa tatu wa ukame. Lakini desturi yao ilikuwa kwamba mkwe hamkatizi baba mkwe anapolisema Neno. Basi alipiga magoti kando, akangoja wamalize. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili Mzee Nkwabi alimwinulia mkono kwa upole.

"Ngoja, mwanangu. Haya yote ni kwa ajili yako."

Limi akaamka na kulia, kilio chembamba kama cha paka mchanga. Mzee Nkwabi alimsikiliza. Kisha akamwambia mwanawe, "Basi, fanya. Nikiulizwa, nitajibu mimi."

Luhende akaichukua kamba ya kuni, akamtia Tulia shingoni. Akamvuta kwenda nyuma ya nyumba, na Tulia akavuta upande mwingine, upande wa mawe mekundu. Alivuta kwa nguvu zake zote, miguu imekita chini, akigeuka kumtazama Mbuke na kulia kama mtoto anayeita watu.

"Leo amekuwa mkaidi," Luhende akasema.

"Amekwisha kujua," Mzee Nkwabi akajibu.

Hawakufikiri kwamba alitaka afuatwe. Mbuke alisema, "Baba Limi, tazama kwato zake," lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, nao walikuwa wameshapinda kona ya nyumba.

Walipopasua tumbo walikuta majani mabichi. Mlenda na mchicha pori, bado yana umajimaji, yamejaa tele. Luhende aliyashika mkononi muda mrefu. Hakuna aliyetaja Neno, la kwanza wala la pili.

Mbuke ndiye aliyeanza kutembea, kuelekea upande ule Tulia alikovuta kamba, na wanaume wakamfuata. Nyuma ya mawe mekundu palikuwa na bonde dogo lenye chemchemi na mboga za kutosha nyumba tatu. Lilikuwa karibu kuliko kisima. Kwenye tope zilikuwepo nyayo za Tulia, zimeingia mara moja na kutoka mara moja. Alikuwa amelipata asubuhi ile ile, akala akashiba, akarudi kuwachukua.

Siku hiyo walikula mboga. Nyama waliila pia, maana kuitupa kungeongeza kosa juu ya kosa. Mbuke alikunywa mchuzi wake akilia.

"Nilikunyamazisha," Mzee Nkwabi akamwambia.

"Ilinipasa kupaza sauti, Baba."

"Hapana. Mimi ndiye niliyepaswa kunyamaza."

Sikusema mle wala sikusema msile, wanangu. Harusi ina wageni wa kila namna, na wote waandaliwe. Na tangu siku hiyo mbuzi akitiwa kamba shingoni, huvuta upande wake. Mpeleke mnadani au mpeleke kwenye majani mazuri, lazima kwanza avute kwake, na kulia kama mtu. Wengi humwita mkaidi. Wachache, kabla ya kumkokota, hulegeza kamba wakamtazama anakotaka kwenda.

Limi aliota jino la kwanza mvua ziliporudi.