Pumzi ya Fundi Maingu

Kisichovimba hakijizibi. Mmeisikia leo asubuhi mwaloni, pale tunaposhushia samaki. Mama mmoja aliwatupia wanawe wawili wasiosemeshana, nanyi mkacheka kama watu wanaoijua. Kisha mmekuja kuniuliza ilitoka wapi, kwa hiyo hamkuijua. Haya, wekeni nyavu chini. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Bwiramo, na ilizaliwa namna hii.

Palikuwa na fundi wa mitumbwi, jina lake Maingu. Karibu kila chombo cha mbao kilichoelea mbele ya kijiji kilikuwa kimepita mikononi mwake, na kila mteja wake alimjua kwa neno moja. Mtumbwi mpya ukiteremshwa ziwani huvuja. Huvuja hata kama mbao zimekutana vizuri na pamba imegandamizwa katika kila mshono. Mwenye chombo akiyaona maji yanapanda hushika kichwa, anatafuta kopo la kuyachota. Maingu alikuwa akikaa mchangani na muhindi wake wa kuchoma, akisema, "Kiache kinywe." Maana mbao zikinywa maji huvimba, zikivimba hubanana, na tundu linajifunga bila mkono wa mtu. Kesho yake mwenye chombo alikikuta kimetulia, akaona haya kwa kelele zake za jana.

Mdogo wake Maingu, Mtani, alifariki akamwacha mkewe, Bituro. Bituro alikuwa mpishi katika kambi ya wageni waliokuja kuvua kwa starehe. Kambi ilipofungwa, mwenye kambi aliondoka na vitu vyake vyote isipokuwa kayaki moja, akamwachia Bituro. Wengi wetu tulikuwa tumeziona kayaki kwa mbali tu. Ni mtumbwi wa plastiki, lakini hauko wazi kama mitumbwi yetu. Umezibwa juu na chini, ndani ni uwazi mtupu, kama dumu lililolazwa. Anayeupiga kafi hukaa juu yake, hakai ndani yake.

Bituro alisema atavua sangara kwa kayaki hiyo, na atavua peke yake. Watu walicheka. Wengine walisema amechoka kuishi. Mwenyekiti wa mwalo, Magafu, hakucheka. Alikuwa amepokea maiti za kutosha kutoka majini, na alikuwa mtu wa kusema neno lake mara moja. Alimwambia Bituro aende, lakini siku kitu hicho kitakapoleta balaa, hata dogo, hakitatoka tena. Bituro alikubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Shamba lake lilikuwa mawe matupu, na kaka zake walikuwa wamekwisha kutuma mtu kumwambia afunge virago arudi kwao. Yeye alitaka kubaki katika nyumba aliyoijenga na Mtani. Kayaki ikifungwa, nyumba nayo ingefungwa.

Shida yake ilikuwa mikono. Kafi inataka mikono miwili, na fimbo ya kuvulia nayo inataka mkono. Akiilaza fimbo, sangara akivuta, fimbo inakwenda naye. Wageni wa kambi walikuwa na kayaki zenye vishikio nyuma ya kiti, fimbo zinasimama humo kama bendera, mvuvi anapiga kafi huku ndoano zinakokotwa nyuma. Ya kwake haikuwa navyo. Akaibeba mpaka uwanjani kwa shemeji yake.

Maingu aliizunguka. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama ngoma. Aliweka sikio, akainusa, akapitisha kiganja kutafuta mshono, hakuupata. Mbavu za mbao hakuna, mkuku, ule uti wa chini, nao hakuna. Nyuma kabisa palikuwa na kizibo kidogo cha kutolea maji, na nyuma ya kiti kifuniko cha duara ambacho mkono ungeweza kupita. Aliuliza kitu hiki hukatwa kwenye mti gani. Bituro akamjibu kwamba kinamiminwa kama uji, kisha kinaganda. Fundi hakuamini, lakini alirudi kukigonga tena.

Akachukua vipande vya bomba gumu viwe vishikio, akavifanyia vitako vya bati, akashika keekee yake na kutoboa juu ya kayaki, nyuma ya kiti. Kila kitako kilipata matundu manne, na kila tundu likapata skrubu. Bituro alisimama kando yake akitazama zile nyuzi za plastiki zikijikunja na kudondoka.

"Shemeji, matundu haya hayataingiza maji?"

"Yataingiza," Maingu alisema. "Chombo gani hakiingizi? Kiache kinywe."

Bituro hakubisha. Nani angebishana na Maingu juu ya vyombo?

Siku ya kwanza alirudi na sangara wawili wakubwa, na mwalo mzima ukaenda kuwatazama. Alisema tu kwamba chombo kilikuwa kizito wakati wa kurudi. Maingu akasema kinakunywa. Safari iliyofuata kilikuwa kizito zaidi, na akikigeuza alisikia kitu kikitembea ndani, kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule. Maingu akasema kinamalizia kunywa. Safari ya tatu mawimbi yalipanda kidogo. Bituro alikuwa anageuza kuelekea nyumbani, na hayo maji ya ndani yakakimbilia upande mmoja yote kwa pamoja. Kayaki ikalala. Ikamtupa.

Watu wa mtumbwi wa dagaa walimvuta wakamleta, na kayaki wakaifunga nyuma, imezama mpaka kwenye kiti. Fimbo moja ilikuwa imepotea. Bituro alikuwa anatetemeka, lakini jambo la kwanza alilolifanya ni kumtazama Magafu.

Magafu hakumgombeza. Alisema kitu hicho kitafungwa kwenye kigingi. Bituro akamwomba, naye akalainika kidogo, akamgeukia Maingu. "Fundi, nionyeshe maji yanapoingilia. Nikiliona tundu, nikaona na namna ulivyoliziba, mama huyu ataenda. Usiponionyesha, basi."

Maingu alitoa kizibo cha nyuma. Maji yalimwagika muda mrefu, na watu wakawa wanatazamana, maana hakuna aliyedhani kitu chembamba vile kingebeba maji mengi hivyo kimyakimya. Kisha aliipindua. Alitafuta chini, mahali ambapo kila fundi hutafuta. Alipapasa tumbo lote la kayaki kwa kucha, akalimulika, akalifuta na kulitazama upya. Jua likapanda, likasimama. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Na hapo, kwa mara ya kwanza, jambo lilianza kumsumbua fundi kwa namna ambayo hakuipenda na wakati huo huo aliipenda. Chombo hakina tundu chini, na kimejaa. Yamepita wapi?

Bituro alikuwa amekaa pembeni, kajifunga kanga kavu. Akasema, "Umetafuta ulikotaka wewe, shemeji. Tazama na juu."

"Juu kuna nini? Juu kuna matundu yangu, na hayo yameshajifunga."

"Umeyaona yakijifunga?"

Maingu hakuwa ameyaona. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona tundu likijifunga. Alikuwa akiamka asubuhi na kulikuta limefungwa, basi.

Ndipo alipokumbuka mtoboko wa tyubu ya baiskeli, namna unavyotafutwa kwa pumzi na maji. Aliirudisha kayaki sawa, akafunga kile kifuniko cha duara kwa nguvu, akamwambia Bituro achanganye sabuni katika beseni na kupaka povu juu kote. Yeye akapiga magoti kwenye mkia wa kayaki, akaweka mdomo kwenye lile tundu la kizibo, akaanza kupuliza.

Ilikuwa kazi ya kuchekesha. Mtu mzima, fundi wa watu, yuko magotini anaipulizia plastiki kama mwanamke anayewasha kuni mbichi. Watani wake hawakumwacha. Mmoja alimwuliza kama anambusu au anamfundisha kuogelea. Maingu hakuweza kujibu, maana akitoa mdomo pumzi inarudi. Akaendelea tu, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, anajaribu kuona mbele.

Povu lilitulia juu ya kiti. Lilitulia ubavuni. Lilitulia hata kwenye kifuniko cha duara. Kisha Bituro akalifikisha kwenye vishikio, na pale penye skrubu povu likaanza kuchemka. Mapovu madogo yalipanda, yakapasuka, yakapanda mengine. Kila skrubu ilikuwa na lake. Watu waliacha kucheka wakasogea.

Bituro aliinama karibu kabisa akatazama. Kisha akasema taratibu, "Hii ni pumzi yako, shemeji. Inatokea kwenye skrubu zako."

Maingu alitoa mdomo. Alikaa chini akihema. Akaomba apuliziwe na mtu mwingine ili aone kwa macho yake, na alipoona, akaweka kidole juu ya tundu moja, povu likakoma. Akakitoa, likaanza. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila wimbi lililopiga juu lilikuwa limeacha maji pale kwenye kitako, na maji yalikuwa yanashuka taratibu ndani ya dumu lisilo na njia ya kuyaona wala kuyachota. Plastiki ilikuwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Haikunywa wala haikunenepa. Tundu lilibaki tundu.

Magafu aliuliza, "Sasa, fundi?"

Maingu alijifuta povu mdomoni. "Kisichovimba hakijizibi," akasema. "Nilisubiri kitu kisichokuja."

Walizitoa skrubu. Maingu alikata tyubu ya tairi akapata washa, pete za mpira za kuziba, akatafuta bolti ndefu na nati zake, akapaka gundi ya silikoni juu na chini ya kila tundu. Mkono wake haukupita kwenye kifuniko. Wa Bituro ulipita mpaka kwapani. Kwa hiyo yeye alishika nati kwa ndani, bila kuziona, na Maingu akakaza bolti kwa nje, wote wawili wamelala kifudifudi, vichwa vyao vikikaribiana.

Na pale, mkono ukiwa ndani, Bituro akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema kwa sauti ya chini. "Tangu tumzike Mtani hujakanyaga kwangu. Hata uji hujaja kunywa."

Maingu aliendelea kukaza. "Nilidhani nikikuonyesha sura yangu utamwona yeye. Nikasema nikuache, utapoa."

"Na nimepoa?"

Fundi akauliza kama nati imeshika. Akajibiwa imeshika.

Bituro alitaka kutoka asubuhi iliyofuata. Maingu alikataa, akasema gundi ikauke sawasawa. Ilipokuwa ikikauka, alasiri moja, alioga, akavaa shati la kwendea kanisani, akaenda mpaka nyumbani kwa marehemu mdogo wake. Alikaa huko muda mrefu. Majirani wanasema palikuwa na kilio cha watu wawili, kisha harufu ya samaki wa kukaanga. Zaidi ya hapo hawajui, na sisi hatujui.

Gundi ilipokauka walipuliza tena mbele ya Magafu, na povu lililala juu ya bolti kama limelazwa na mama yake. Mwenyekiti bado alisita. Alimvuta Maingu pembeni akamwuliza kama anamhakikishia, maana aendaye majini ni mtu.

"Safari hii sikusubiri lijizibe," Maingu alimwambia. "Nimeliziba."

Magafu aliifungua kayaki kigingini mwenyewe. Bituro akakaa juu ya kayaki, fimbo zimesimama nyuma yake, akapiga kafi, na chombo kikaondoka chepesi. Jioni kilirudi chepesi vile vile, na walipotoa kizibo halikudondoka hata tone.

Mitumbwi ya mbao Maingu aliendelea kuiacha inywe mpaka alipozeeka, na ilivimba, na ilijifunga. Hakuacha kuamini kusubiri. Ila tangu hapo alikuwa na swali kabla ya kukaa mchangani na muhindi wake. Kitu hiki, kikiachwa, kitavimba? Kama ni mbao, kiache. Kama si mbao, kama ni plastiki, au ni moyo wa shemeji yako, amka ukatafute gundi. Kisichovimba hakijizibi.