Duka la Kobe Lisilo na Jina

Sogeeni, nina kesi. Leo mahakimu ni ninyi, na hakimu hasinzii.

Katika mji wa Kobe, kule Japani, alikuwako Chizuru, mbunifu wa mavazi ya kike. Akimwona mwanamke anapita, alijua papo hapo gauni litakalomfaa, akalichora. Miaka kumi na miwili alimchorea bwana mmoja, na kila gauni likatoka kwa jina la yule bwana. Mwisho akaacha kazi.

Shangazi yake, Masae, alikuwa fundi wa kukata. Mkasi wake haukungoja chaki. Alichokiona kwenye mchoro ndicho alichokata, bila swali.

Na jirani yao Nobuko, muuza samaki, alijaliwa mwendo. Akipita na beseni kichwani, watu walisahau samaki.

Yakatangazwa mashindano ya mavazi: mshindi atapewa duka barabara kuu. Chizuru akachora gauni la buluu. Kiwiko kikagonga kikombe, chai ikamwagikia karatasi. Akaifuta, akampa shangazi hivyo hivyo.

Siku ya mashindano akakuta gauni lina mfuko mgongoni, mkubwa wa kutosha kubebea viazi.

"Shangazi! Lile lilikuwa doa la chai!"

"Mwanangu, mie nakata kinachoonekana. Ungeandika 'doa'."

Muda wa kufumua haukuwapo. Nobuko, aliyeombwa kulionyesha, akalivaa, akapanda jukwaani. Hatua ya tatu, kisigino cha kiatu, kwaa! Kikavunjika. Chizuru akaziba uso. Nobuko hakupepesa hata jicho: akavua viatu, akavitumbukiza mfukoni mgongoni, akaendelea pekupeku kama malkia.

Wanawake wakainuka, wengine wakivua vyao. "Hatimaye, gauni lenye pa kuweka viatu!" Chizuru na wenzake wakashinda.

Akaja mwandika vibao. "Jina la nani? Nafasi ni ya moja tu."

"Langu," akasema Chizuru. "Nimechoka kuchorea majina ya watu. Bila mchoro, mngekata nini?"

"Mchoro ulikuwa na doa," akajibu Masae. "Mfuko ni wangu. Miaka hamsini nakata, hata kifungo hakina jina langu."

"Mfuko mtupu ungechekwa," akasema Nobuko. "Mimi ndiye niliyeupa kazi. Tena sokoni wamenifukuza kwa kutoroka kazini siku ya mashindano."

Miezi saba sasa wanabishana. Wateja wanapanga foleni chini ya kibao kitupu.

Haya, mahakimu, shikeni brashi. Mngeandika jina la nani?